Bibi wa Kabatini Hasalimiwi

Jumatatu, 3 Machi
Ninaandika shajara hii ili siku nitakapokuwa mkurugenzi, watakaoandika maisha yangu wasipate taabu ya kubuni. Muda wangu wa majaribio katika kampuni hii ya michezo ya kompyuta unakwisha Ijumaa. Nafasi ya kudumu ni moja, tunaigombea wawili: mimi, mwenye shahada ya daraja la kwanza, na binti wa meza ya pili, aitwaye Barafu kwa kuwa hashtuki. Leo meneja ameuliza ni nani atakayewaonyesha wanunuzi mchezo wetu mpya wa kutisha. Hauchezwi kwa vidole. Mchezaji hufungwa vihisi, vifaa vya kunasa mwendo wake, mikononi, kiunoni na miguuni. Ukikimbia wewe, anakimbia mtu wa kwenye skrini. Nilijitolea kabla hajamaliza sentensi. Woga? Mimi? Niliyetetea tasnifu mbele ya maprofesa watano!

Jumanne, 4 Machi
Jaribio la kwanza. Nimedumu sekunde arobaini. Kabati likafunguka, akatoka bibi kizee, mvi hadi magotini, kucha kama mikasi. Nikapiga goti, nikamwambia shikamoo. Naapa sikukusudia, ni malezi. Kwa bahati mbaya, katika mchezo huu kupiga goti ni kukubali kushindwa. Bibi alinila kuanzia kichwani. Barafu akauliza kama angalau niliitikiwa marahaba. Meneja akasema hajapata kuona mtu aliyeuawa na adabu zake mwenyewe. Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, kwa weledi.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua tiba: mazoezi! Mzee yeyote nitakayekutana naye, nisimsalimie, nisipinde goti. Nisimame wima, kisha nisukume mikono mbele kwa nguvu, kama mchezo unavyotaka mtu amfungie bibi mlango. Asubuhi nimempita mzee jirani kama nguzo. Jioni alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba. Alipofungua mikono anikumbatie, nikamfungia mlango wa hewani. Maendeleo makubwa. Shangazi ameondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisini nimewashinda mabibi watatu mfululizo. Meneja amenipigia makofi, akasema kesho ni yangu. Nyumbani si shwari. Mama ameniuliza, kwa upole, kama kuna kitu nimevuta. Baba hakuuliza, alisema tu kwamba shangazi anataka kujua ni chuo gani hicho kinachofundisha watu kutomjua aliyewabeba mgongoni. Nimewaeleza kwamba ni suala la kitaaluma. Hawakuridhika.

Ijumaa, 7 Machi
Nitakuwa mfupi. Nilianza vizuri mno. Bibi wa kwanza, mlango! Bibi wa pili, mlango! Mnunuzi mkuu alikuwa amechelewa: mama mtu mzima, mwenye mvi za heshima. Meneja akamleta hadi ubavuni mwangu anipe mkono. Nikageuka. Nikaona mvi. Nikaona mkono unanijia. Mikono yangu ikafanya ilichofundishwa, na yule mama akakalia keki ya mapokezi. Skrini ikaandika: HODARI! Barafu ndiye aliyemwinua, akampigia goti, akampa shikamoo ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, akamfuta krimu kwa leso yake. Mkataba wa kununua mchezo ukatiwa saini. Nafasi ya kudumu ameipata Barafu. Mimi niliondoka na vihisi bado mwilini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa mazoezi, bali uchache wake. Meneja ameagiza nirudishe vihisi Jumatatu. Maana yake ni kwamba hadi Jumatatu ni vyangu. Baba naye ameitisha kikao cha ukoo kuhusu tabia yangu. Fursa adhimu! Wazee saba sebuleni kwa mpigo! Nimeshatawanya viti, ili wakianguka wasigongane. Nimewaomba waingie mmoja mmoja, wakininyooshea mikono. Kesho Jumapili, saa nne kamili asubuhi.