Kitambaa cha Mama Mkwe na Oili ya Giaboksi

Leo nimeaibika, jamani. Na nimeaibika nikiwa nimechoka, hata nguvu ya kukimbia sina.

Mama mkwe wangu anakaa Kikima. Leo kanisani kwao alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kumfikisha. Tangu nimwoe Mwende, huyu mama hajawahi kupanda gari yangu. Anasema inakohoa. (Si uongo.) Leo basi ndiyo ilikuwa siku ya kusafisha jina langu.

Tukatoka Emali alfajiri, mimi na Mwende, macho yangu mazito kwa usingizi. Kufika milima ya Mbooni, vituko vikaanza. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haiendi. Halafu inashtuka na kuruka mbele. Nayo ni otomatiki, siwezi hata kusema nimekosea gia! Nikampigia Kimeu, fundi wangu.

"Oili ya giaboksi imepungua," akasema. "Pima. Lakini gari iwe imepata moto, injini isizimwe, na usimame mahali tambarare. Ukipima kwa mlima itakudanganya. Na dipstiki, kile kijiti cha kupimia, uipanguse na kitambaa laini, kisichotoa nyuzi. Uzi ukiingia huko ndani, usinipigie."

Tambarare? Kikima? Huku hata jiko ukiliweka chini lazima uliwekee jiwe upande mmoja. Mwende akasema mahali pekee palipo sawa ni uwanja wa kanisa.

Basi tukambeba mama hivyo hivyo. Amekaa nyuma, na kila mara gari ikiruka namsikia: "Yesu." Mimi na yeye hatuongei ovyo, heshima ya ukwe hairuhusu. Hata kumtazama kwa kioo naogopa.

Tukafika. Wakashuka. Mwende akaniambia akikimbilia ndani, "Kitambaa cha kupangusa nimekuwekea!"

Nikaacha injini ikinguruma, nikafungua boneti, nikaangalia kiti cha nyuma. Kitambaa hiki hapa! Cheupe, laini, kimepigwa pasi. Hakina uzi hata mmoja. Nikasema moyoni, kumbe mke wangu ananipenda.

Nikapangusa dipstiki. Nikairudisha, nikaichomoa tena. Oili haifiki alama. Nikaongeza ya akiba iliyokuwa kwenye buti, nikapangusa, nikapima tena. Sasa, kwa wale wasiojua, oili ya giaboksi ni nyekundu. Nyekundu kabisa. Nyingine ikanimwagikia, nikajipangusa mpaka viwiko.

Mzee wa kanisa akatoka. "Ndugu, zima gari, mchungaji hasikiki."

"Haizimwi, mzee. Inapimwa ikiwa inanguruma."

Akasogea karibu. Akaona mikono yangu. Akaona kitambaa.

"Damu!" Akarudi ndani mbio. "Mkwe wa mama amekatwa na gari!"

Kanisa lote likamwagika nje. Mbele kabisa ni mama mkwe, viatu mkononi. Heshima ya ukwe ameisahau. Akanikumbatia mbele ya watu akilia, "Aiya, mwanangu! Mwanangu!" Akina mama wakaanza kuomba kwa sauti, mmoja amenishika kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nikawaacha waendelee. Hajawahi kuniita mwanangu. Na nilikuwa nimechoka, wenzangu. Nilijisikia vizuri.

Halafu akachukua kitambaa anifunge kidonda. Akakinusa. Akakigeuza. Akaona maua aliyoyadarizi mwenyewe kwenye pembe.

Maombi yakapungua, sauti moja moja, mpaka ikabaki injini peke yake.

"Mwende," akasema, bila kunitazama. "Muulize bwanako hii ni nini."

"Ni... oili ya giaboksi, Mama," nikajibu mwenyewe.

"Na kile kitambaa cha kunifunga kichwani nikisimikwa leo kiko wapi?"

Mwende akashika mdomo. "Wee! Mama alikiacha kwa kiti kisikunjamane mpaka aitwe mbele! Chako ni ile fulana kuukuu, iko chini ya usukani!"

Kitambaa kingine hakikuwepo. Mchungaji akamfunga hicho hicho. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, lakini doa likakataa kujificha, likakaa katikati ya paji la uso. Akasimikwa hivyo. Picha zikapigwa, na mimi nikawekwa kando yake kwa sababu ni familia.

Kurudi nyumbani gari ilipanda mlima laini kabisa. Haikuruka hata mara moja. Hakuna aliyesema "Yesu." 

Sasa nimejificha ndani ya gari hapa kwake, chai imenipita. Tafadhali msicheke. Namsikia hapo nyuma ya nyumba anakifua kile kitambaa, na kila akisugua anataja jina langu. Lakini lile neno "mwanangu" hajalisema tena.