Kompyuta Iliyotaka Shikamoo

Jumanne, 15 Julai 2025
Nyumbani, Nkende. Mfumo endeshi wangu umewaka! Mdogo, mwepesi, unakaa hata kwenye kompyuta kuukuu. Mwalimu Machage, mkuu wa shule moja kule Machochwe, anakuja Alhamisi kuuona. Ukimridhisha, ataniajiri kufundisha kompyuta. Nimeitamani kazi hii mpaka nimekonda.

Kimebaki kitu kimoja: lugha ya kuandikia amri. Python ingemeza memori yote. Brayan, fundi simu wa jirani, anasema niweke Lua, ni ndogo na iko tayari. Najua yuko sahihi. Lakini nikikubali, atatangaza hadi Sirari kwamba yeye ndiye aliyeniokoa. Nabuni ya kwangu.

Jumatano
Lugha tayari. Ina adabu! Haipokei amri yoyote kabla hujaiamkia shikamoo. Watoto wa siku hizi wanabofyabofya tu bila salamu. Mke wangu Wegesa akauliza kama kweli mtu mzima ataamkia sanduku. Nikamwambia teknolojia haielewi. Akaniletea uji wa ulezi, akasema ninywe kwanza.

Alhamisi
Balaa. Mwalimu Machage kaandika amri, kompyuta ikamjibu aiamkie kwanza. Akaniuliza ilizaliwa lini. Nikasema wiki hii. Akasema ana wajukuu wanaoizidi umri, na hajawahi kumpa mjukuu shikamoo. Akachukua kofia yake. Nilimbembeleza hadi barabarani. Atarudi Jumamosi, kwa huruma tu. Sina hamu hata ya kula.

Ijumaa
Dawa imepatikana! Kompyuta ndiyo itakayoamkia, mtu aitikie marahaba. Nikamkalisha binti yangu Nice ajaribu. Ikampa shikamoo. Mtoto akaweka mikono mapajani. Akasema hawezi kuitikia marahaba mbele ya baba yake. Nimemlea vizuri mno, ndiyo shida.

Basi, sasa itauliza umri kwanza, ijue nani amwamkie nani. Yenyewe nimeipa umri wangu, arobaini na mbili. Brayan akachungulia dirishani, akasema Lua haimuulizi mtu umri. Nikafunga dirisha.

Jumamosi
Mwalimu Machage alikuja na makamu wake, Mwalimu Felista. Mama wa makamo, mwenye heshima zake. Akakaa yeye. Kompyuta ikamuuliza umri! Akasema hata mumewe hajui. Akaandika ishirini. Ikamwamuru aamkie wakubwa. Mwalimu Machage akacheka hadi machozi. Felista hakucheka hata kidogo. Akasimama.

Hapo Wegesa akawamiminia wageni chai, akatoka kimya kimya, akarudi na Brayan. Kumbe kijana alishaiandaa Lua ikae kwenye mfumo wangu, tangu Jumanne! Wageni walipomaliza chai, kila amri ilikuwa inatiiwa. Nusura nilie mbele za watu.

Jumapili
Nimepata kazi! Naanza kesho. Sharti moja: kompyuta isimsalimie mtu wala isidai salamu. Nimekubali mbele ya Wegesa. Brayan hajatangaza popote, na mimi nimeona aibu kwa niliyomwazia. Salamu basi. Nimekoma.

Lakini kuaga je? Mtu anatoka tu kwenye nyumba ya watu bila kuaga? Nimeongeza kidogo, nyuma ya Lua, Brayan asijue. Haizimiki mpaka uiage, nayo inakusindikiza kwa maswali machache ya mke, watoto, ng'ombe na mvua. Wa kwanza kuitumia kesho ni Mwalimu Machage. Ana haraka siku zote yule mzee. Itamfaa sana.