Mikanda ya Pinki ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba
Ushindi unanukia! Jumapili parokia yetu hapa Yakima, Marekani, inachagua mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani. Wagombea: mimi, Nemesio Barragán, na Casimiro, fundi matairi anayejiona askofu. Padre kasema atampigia debe atakayemfanya Doña Obdulia afunge mkanda wa gari. Ana akili padre. Bibi huyo akibadili sabuni, mtaa mzima unabadili.

Bahati yangu, ni mama mkwe wangu. Bahati mbaya, ni mama mkwe wangu. Nimemwomba leo kwa unyenyekevu. Kajibu kwamba Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, ambaye sanamu yake iko kwenye dashibodi, alimtoa Michoacán, Mexico, hadi hapa salama bila kufungwa kamba kama mbuzi. Ana miaka sabini na tisa na anakaa kiti cha mbele. Usiku silali.

Jumanne, 10 Septemba
Mpango wa kwanza: nimemleta padre abariki mikanda. Kamwaga maji ya baraka bila ubahili. Doña Obdulia kakaa, sketi ikaloa chapachapa. Kanitazama kama ninavyotazamwa tangu siku ya harusi. Kasema Kristofa wake alibarikiwa na askofu, padre huyu juzi tu alikuwa anafundishwa kufunga kamba za viatu. Padre alikuwepo. Kacheka, lakini si sana.

Casimiro naye kampelekea karatasi nane za takwimu za ajali. Bibi kazifungia pilipili. Hahaa!

Jumatano, 11 Septemba
Nimepata! Jumamosi mjukuu wake, Yaretzi, anatimiza miaka kumi na mitano. Kwetu watu wa Mexico hiyo ni sherehe kubwa ya msichana. Kila jamaa ni padrino, yaani mfadhili, wa kitu: huyu kaleta viatu, yule muziki. Casimiro ni padrino wa keki na hatuachi tupumue. Mimi sikuwa padrino wa chochote kwa sababu walinisahau (Fidencia, mke wangu, anasema hawakunisahau).

Basi nimejitangaza padrino wa mikanda! Kila mkanda wa gari la familia utavikwa satini ya pinki, rangi ya gauni la Yaretzi. Nani atakataa zawadi ya padrino mbele za watu? Hata Doña Obdulia hawezi. Ni aibu ya miaka kumi.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimeshona mpaka vidole vimetoboka. Casimiro kapita, kauliza kama nimeanza kushona chupi. Nimemjibu kwamba nikimaliza nitamshonea yake. Lesi imebaki kidogo, nimeiweka kwenye mkanda wa mama mkwe.

Jumamosi, 14 Septemba
ULIMWENGU UJUE! Saa nne asubuhi Doña Obdulia kapanda mbele, kashika lesi, kaikagua kama nyama sokoni, kasema angalau mshono umenyooka. Akafunga. KLIK! Sijawahi kusikia muziki kama huo.

Kisha akageuka na kuamuru wote. Yaretzi, na gauni lake lililojaza viti viwili, kafunga. Casimiro kalalamika kwamba mikono yake imeshika keki. Kaambiwa, “Wewe bwana matairi, funga, au unangoja kipaimara?” Kafunga.

Mimi nilipiga magoti katikati, mbele kabisa, mgongo kwenye dashibodi, nipige picha za ushahidi. Fidencia, aliyekuwa anaendesha, alisema, “Nemesio, kaa chini.” Nilimwambia historia hairekodiwi kwa kukaa.

Karibu na mashamba ya tufaha, lori lililo mbele likaangusha ngazi. Fidencia akakanyaga breki. Ndani ya gari vitu viwili tu havikuwa vimefungwa: mimi na keki. Tulikutana.

Mtakatifu Kristofa alinichoma kwenye mbavu. Nilipofuta krimu machoni nikamwona Doña Obdulia wima kitini, kashikwa barabara na satini yangu, hata hereni haijasogea. Nikalia. Walidhani ni mbavu. Nampenda kikongwe yule, Mungu anisamehe.

Jumapili, 15 Septemba
Matokeo: kura zote kwa Doña Obdulia, ambaye hakugombea. Casimiro kapata sifuri! Kashindwa vibaya! Mimi pia sifuri, lakini sifuri yangu ina heshima, mwenyekiti nimemtengeneza mimi. Na kaniteua msemaji. Alhamisi nahutubia wafanyakazi wote wa kiwanda cha kufungasha tufaha.

Jumatatu, 16 Septemba
Daktari kasema mbavu mbili zina nyufa. Mkanda unazibana, basi nimeufungia nyuma ya mgongo, na gari likaacha kupiga kelele za kudai mkanda. Gari halina akili kama ya Doña Obdulia.

Nimefanya mazoezi ya hotuba njia nzima. “Ndugu zangu, mkanda ni uhai!” Moto! Nikifika hapo panahitaji mikono yote miwili, kwa hiyo usukani nauachia kidogo.