Gari la Barafu Mtaani Darsait

Jumapili, 2 Novemba 2025

Asubuhi gari limegoma, kama kawaida. Mjukuu wangu Raghad kalisukuma mteremkoni, likawaka, karukia ndani, kafunga mlango, nikampeleka chuoni. Stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikufa alipokuwa na miaka kumi na tano. Sasa anayo kumi na tisa. Mtoto mvumilivu.

Jioni, habari kubwa. Bi Dervla, mwanamke wa Ayalandi anayekaa ghorofa ya juu yetu, anatafuta msichana. Nieleze, maana shajara isiyoeleza haina faida. Bi Dervla alikimbia mbio za kuruka viunzi kwa ajili ya nchi yake. Akaumia goti. Alipopona wakamwita kwenye bobsledi, yaani gari lisilo na injini linaloteremka katika mfereji wa barafu. Wanalisukuma mbio, likichanganya wanarukia ndani. Ndiyo maana hutafutwa wakimbiaji. Sasa anafundisha michezo hapa Maskati, na Desemba atampeleka msichana mmoja Ulaya kwenye majaribio ya kusukuma. Mmoja tu. Atachagua Jumamosi, uwanjani.

Raghad anaitaka nafasi hiyo mpaka hali vizuri. Manal naye anaitaka. Huyu ni mjukuu wa jirani yangu Musallam, na katika kila mbio yeye huwa wa kwanza, Raghad wa pili.

Raghad kaniomba jambo moja: Babu, tafadhali, usiingilie. Nimeahidi. Kuingilia ni kitu kimoja, kusaidia ni kingine.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilisomesha fizikia miaka thelathini na mbili, kwa hiyo naona wasiyoyaona wengine. Chombo kizito huteremka kwa kasi zaidi. Raghad ana kilo hamsini na nane. Haitoshi! Nimemwekea sahani mbili za wali. Moja kampa paka.

Kisha nimempelekea Bi Dervla bakuli la halwa, kumlainisha. Kashukuru sana. Kasema siku hizi amerudi kwenye viunzi, ana mashindano ya wakongwe mwezi ujao, na vitamu havigusi. Kwenye barafu walikuwa wakimlisha aongeze uzito. Uwanjani anatakiwa aupunguze. Maisha yake yote, kasema, ni kununua suruali mpya.

Halwa kampa Manal. Bakuli zima. Nimemnenepesha mpinzani kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemsubiri Bi Dervla kwenye ngazi ili nimweleze habari za msuguano. Alikuwa na mifuko miwili ya sokoni. Alisikiliza kwa adabu, dakika arubaini. Njegere zake za barafu ziliyeyuka, maji yakafika mlangoni kwetu. Mke wangu Mwanamize katoka na dekio, kauliza kama nimemshika mgeni mateka.

Bi Dervla kacheka. Katusimulia mteremko wake wa kwanza. Alifumba macho mpaka mwisho. Walipomuuliza kaonaje, akawaambia wasubiri kidogo, roho yake bado iko juu, inakuja kwa miguu. Mwanamize kampenda pale pale.

Kasema pia hamtafuti mwenye mbio kuliko wote. Anamtaka asiyebabaika chombo kizito kinapoanza kumkimbia, anayejua pa kutia miguu. Hilo, kasema, halifundishwi kwa wiki moja. Nikamwambia kila kitu hufundishwa, nikarudi kwenye msuguano.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda Ghala, mtaa wa mafundi. Nimenunua friza bovu, fundi kalitia magurudumu manne. Bobsledi kamili ya mazoezi. Nimemuuliza na habari ya stata. Imeagizwa, itafika Jumapili.

Alasiri nimeliweka friza juu ya mteremko, nikaenda kumwita Raghad. Tuliporudi halikuwepo. Lilikuwa limeshateremka lenyewe, tena kwa kasi nzuri sana, mpaka ndani ya mirihani ya Musallam, mlangoni kwake.

Musallam katoka. Kasema katika miaka yake sabini na moja amebishiwa hodi na watu wa kila namna, lakini friza ndiyo mara ya kwanza. Kisha kauliza lini nitalipeleka gari langu makumbusho. Lake huwaka kwa kubonyeza kitufe. Hukibonyeza hata akiwa hana safari.

Raghad kaliondoa friza, kaizoa mirihani, kaingia ndani.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesikia Musallam kajitolea kuwapeleka wote uwanjani kesho kwa gari lake. Hila ya wazi. Nimepanda juu haraka, nikamwomba Bi Dervla apande langu. Kakubali, heshima ya mtu mzima.

Baada ya sala nimeliosha na kulipaka nta. Musallam kapita, kasema, “Yakhe, unaosha maiti?” Nimelitoa mteremkoni, nikaliegesha mbele ya geti, pahala tambarare, lipate jua la asubuhi ling'are.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Bi Dervla kashuka, Manal yupo, Musallam ameshawasha lake. Nikaketi, nikazungusha ufunguo. Tk. Nikazungusha tena. Tk. Musallam alianza kucheka kabla ya tk ya tatu.

Hapo ndipo nikakumbuka kuwa tambarare haina mteremko.

Raghad akapita nyuma, uso umemwiva kwa haya. Akainama, akasukuma. Hatua fupi, kisha ndefu. Gari likaondoka, na mimi ndani na kilo zangu mia na sita. Likachanganya, likawaka, akaja mbio ubavuni, akatupa miguu ndani, mlango ukafungwa. Kama kila siku.

Nikarudi kumwomba radhi Bi Dervla. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa na saa ya kupimia mbio mkononi. Akamuuliza Raghad kaanza lini. Tangu skuli, kila siku ya masomo. Akaniamuru nizime, Raghad asukume. Tena. Mara sita! Nilijua ananidhihaki.

Ikawa zamu ya Manal. Ana nguvu, kalitoa vizuri, lakini lilipochanganya alibaki barabarani na kiatu kimoja, nikaondoka peke yangu. Kacheka mwenyewe. Kisha kamwambia Raghad, “Shoga, hii yako.”

Hatukufika uwanjani. Bi Dervla kampa Raghad mkono mbele ya duka la mikate. Raghad kalia. Musallam kafuta macho, kasema vumbi.

Usifichike ukweli: lile somo la msuguano limezaa matunda.

Jumapili, 9 Novemba

Bi Dervla kashuka kwetu na ombi. Mpaka Desemba analitaka gari langu kila alasiri kwa mazoezi, na mimi ndani yake. Kasema gari na mimi pamoja tuna uzito anaouhitaji. Kwa maneno mengine, nimekuwa mshauri wa ufundi. Sharti moja tu, madirisha yawe yamefungwa. Kwa ajili ya vumbi, bila shaka.

Raghad kanibusu mkono. Mwanamize kacheka mpaka kakaa chini, sijui kwa nini.

Limebaki jambo dogo. Haipendezi gari la mshauri kuwa la kusukumwa. Fundi wa Ghala kapiga simu, stata imefika. Kesho mapema nalipeleka. Sijamwambia Raghad. Nataka alikute linawaka lenyewe.