Mashine Iliyomfungia Mama Mkwe Bafuni

Sauti ya ujumbe wa kundi la majirani ilitoka kwenye simu ya Mzee Mita, na kwa kuwa masikio ya Mzee Mita yalikwisha kustaafu pamoja naye, aliifungulia mpaka mwisho. Benchi zima mbele ya duka la kinyozi likasikia, na hata waliopita njia wakapunguza mwendo.

"Jamani majirani," ilisema sauti ya mwanamke, akicheka huku akikohoa, "leo mtaa wetu umeweka historia. Asubuhi hii nimemtoa bafuni mama wa watu, mgeni, mama mkwe wa jirani yangu. Amefungiwa humo na mashine ya kufulia! Mashine imetoka mahali pake, ikatembea yenyewe, ikaenda kusimama mlangoni kama askari. Jina la mwenye nyumba silisemi, nisije nikakosa pa kuazima ngazi."

Geti alipaliwa na chai. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, ndiyo maana akaitwa hivyo, mtu mpana wa mabega na mwenye madoa ya cheche mikononi. Alikohoa, akafuta kidevu, akaangalia saa ya ukutani ndani ya duka. Saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi kamili pickup ingefika nyumbani kwake kuichukua mashine ile ile na kuirudisha dukani. Hiyo ndiyo hukumu aliyoitoa mama mkwe wake, na haikuwa na rufaa.

"Imetembea?" Kinyozi alitoka mlangoni na kitana mkononi. "Mashine ina miguu?"

"Minne," alisema Mzee Mita. "Kama mbuzi."

"Basi ilikuwa na kiu. Bafuni si ndiko kwenye maji?"

"Maskini mama wa watu," alisema Mama Chai, akimimina kikombe cha pili bila kumwaga tone. "Na alikuwa ameshamaliza kuoga, au?"

"Alikuwa kwenye sabuni," alisema Geti.

Vichwa vitatu vikamgeukia.

"Yaani nadhani," aliongeza. "Mtu akiingia bafuni utategemea nini? Awe anapiga pasi?"

"Endelea kudhani, kaka," Mama Chai alisema polepole.

Mzee Mita alirekebisha kofia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiingia nyumba za watu kusoma mita za umeme, kwa hiyo hakuna mlango wa mtaa ule asioujua unafungukia ndani au nje. "Mlango unaofungukia nje," alisema, "na mashine korido. Mtu aliyeweka mashine korido ana akili ya kuazima. Na atakuwa ameichagua kwa rangi. Anaingia dukani, anaona nyeupe yenye dirisha la mviringo, anasema hii itaendana na mapazia."

"Hakuichagua kwa rangi," alisema Geti.

"Kwa nini, basi? Kwa ukubwa wa boksi?"

"Kwa uzito! Mashine ya maana unaigonga kwa kucha, mzee wangu. Bati jepesi linalia kama sufuria tupu. Bati zito linanyamaza. Binti wa dukani atakuuliza mko wangapi nyumbani, presha ya maji ikoje, mnafua mara ngapi. Hayo ni maneno. Wewe gonga tu."

Mama Chai aliiweka chupa yake chini. Akajishika kiuno.

"Mtaa huu mzima," alisema, "namjua mtu mmoja tu anayegonga vitu kwa kucha kabla ya kununua. Juzi kaja hapa kagonga kikombe changu, akaniambia, dada, hiki hakitafika mwaka mpya."

Kinyozi alianza kucheka kwanza kwa mabega.

Geti aliangalia viatu vyake. Moyoni aliomba dua fupi, ya mtu aliyebanwa: Ee Mungu, nipe mdomo, maana uongo wenyewe umeniishia. Kisha akasema, "Ni mimi."

"Weweee!" Kinyozi alipiga mlango kofi. "Wewe? Si wewe uliyekaa hapo hapo, ukasema mwanamume anayenunua mashine ya kufulia ameshindwa kuoa?"

"Nilisema."

"Ukasema mashine inatafuna nguo, inameza vifungo!"

"Nilisema, ndugu yangu. Nimeyasema mengi kwenye benchi hili. Nichekeni, lakini nichekeni haraka haraka, maana saa kumi inachukuliwa."

"Inachukuliwa na nani? Inatembea yenyewe, iambie tu njia!" alisema Mzee Mita, na wakaangua kicheko kilichowafukuza njiwa kwenye waya.

Geti alisubiri kipite. Kilipopita, alisema bila kumtazama mtu, "Shemeji yenu vidole vimevimba. Kusuka watu kutwa nzima, halafu jioni anainamia beseni. Wiki iliyopita nilimkuta anafunga kifungo cha mtoto kwa meno. Hakuniambia kitu. Nami nikatoka, nikaenda kugonga mashine."

Kinyozi alikaa kwenye ncha ya benchi. Mama Chai akamjazia Geti kikombe bila kuulizwa.

"Sasa ikirudi dukani?" aliuliza.

"Ikirudi dukani, beseni linarudi barazani. Mama mkwe anasema ile mashine ina pepo. Anasema aliisikia ikinguruma, ikapiga hatua, tap, tap, tap, kisha ikatulia mlangoni ikimsikiliza. Mke wangu aliitetea kidogo, lakini na yeye ameiona. Ikifika kwenye kukamua, inacheza ngoma na nyumba nzima."

"Sakafu," alisema Kinyozi. "Sakafu yako imelala upande."

"Kaka, mimi ni fundi. Nimeweka pimamaji juu yake. Kiputo kimekaa katikati kama mboni ya jicho."

"Basi umeilisha vibaya," alisema Mama Chai. "Umetia blanketi moja, limejikunja upande mmoja. Hata mimi ukinibebesha mzigo begani kushoto tu nitakwenda mrama."

"Shuka tatu, taulo mbili, nguo za watoto. Nimezipima. Wameandika kilo saba, nikapima kilo saba."

"Kilo saba za nguo kavu au zilizolowa?"

"Dada yangu, nani anapima nguo zilizolowa?"

"Wewe unagonga vikombe, nitajuaje?"

"Sabuni!" Kinyozi alisimama tena. "Umetia ile ya kufulia kwa mkono. Povu limejaa, mashine imeteleza kama mtoto kwenye matope."

"Nimetia ya mashine. Vijiko viwili. Mke wangu ndiye aliyepima, mimi nilishika kijiko tu."

Mzee Mita alinyoosha mkono. "Karatasi ya maelezo iko wapi?"

"Nyumbani. Lakini niliipiga picha." Geti aliitafuta kwenye simu. "Nimeifuata mstari kwa mstari, mzee. Hapo huniwezi."

Miwani ya Mzee Mita ilikuwa kwenye mfuko wa koti jingine, kwa hiyo simu ikapita kwa Mama Chai, naye akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Moja. Toa mashine ndani ya boksi."

"Nimetoa."

"Mbili. Ondoa boliti za safari, nne, zilizo nyuma ya mashine. Zihifadhi."

"Hiyo niliiruka. Tatu?"

"Subiri." Mama Chai aliinua macho. "Uliiruka kwa nini?"

"Dada, si inasema boliti za safari? Hiyo ni ya watu wanaohamahama. Sisi hatusafiri, nyumba ni yetu. Nikaziangalia, nikaona moja imelegea kidogo, nikazikaza zote nne mpaka spana ikalia."

Mzee Mita aliondoa kofia kichwani. Aliishika kifuani kama mtu aliyepata habari ya msiba.

"Mwanangu," alisema. "Mita mpya zilipokuwa zinatoka stoo, zilikuja na kipini kidogo kinachoshika ile sahani ya ndani isicheze njiani. Kazi yake ni barabarani tu. Ukifika, unakitoa. Fundi mmoja alikisahau, nyumba ile ikawasha taa miezi mitatu mita imesimama wima. Boliti zako ni hizo hizo. Zimeshika ngoma ya mashine, lile pipa la nguo la ndani, isijigonge njiani, toka kiwandani mpaka kwako. Imefika kwako, bado umeishika mbavu. Ikitaka kuzunguka haiwezi kujinesanesa, basi inaondoka na mwili wote!"

Kinyozi alielewa kabla ya Geti. Alijikunja, akashika ukuta. "Umeiachia boliti za safari," alisema huku machozi yakimtoka, "na imesafiri! Jamani, mashine ya watu imetii maandishi!"

Hata Geti alicheka. Alicheka kwa sauti nene, ya mtu aliyetua mzigo, na alikuwa ameshasimama akipapasa mfukoni kutafuta spana namba kumi na tatu.

"Dakika ishirini zimebaki," alisema. "Nawahi."

"Ngoja, usiharibu bahati," Kinyozi alimvuta shati. "Mama mkwe anasema pepo, si ndiyo? Basi ni pepo. Ingia kimya kimya, toa boliti zako, ziweke mfukoni. Kisha weka mkono juu ya mashine, sema dua ndefu yenye jasho. Washa. Itatulia kama paka. Kaka, mama mkwe atakuheshimu mpaka kaburini. Atakuita mtumishi!"

Geti alisita. Na hebu tumtendee haki: kwa muda wa kuvuta pumzi mbili alijiona vizuri kabisa, amesimama korido, mkono juu ya bati, mama mkwe nyuma yake akisema amina. Kwa miaka kumi na moja mama huyo alikuwa hajapata kumsifia hata msumari.

"Siwezi," alisema. "Mama amefunga. Tangu saa mbili asubuhi hajala wala kunywa, anaikemea ile mashine aya kwa aya. Siwezi kumwacha mtu mzima akemee boliti. Na dua nayo ina mwenyewe, kaka. Sitaitumia kufichia spana."

Mama Chai alitikisa kichwa kuafiki. Geti akapiga simu.

Simu yake haikuwa na siri. Ile spika ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo kila alichoambiwa kiliambiwa na barabara nzima.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Dereva kapiga, yuko njiani. Njoo usaidie kubeba, lakini usiiguse na mkono wa kushoto."

"Mama, mashine haina pepo."

"Nani kakwambia?"

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe, namba yako naijua."

"Hapana, mama. Yaani kosa ni langu. Kuna boliti nne za kuondoa kabla ya kuitumia. Karatasi ilisema. Mimi niliona sihitaji kuambiwa, nikazikaza. Ndiyo maana ikatembea. Ikakufungia. Nisamehe sana, mama."

Upande wa pili ilisikika redio ya jirani, na mtu akiburuta kiti akae.

"Kwa hiyo," alisema mama mkwe, "nimekemea tangu asubuhi, koo limekauka, na ninayemkemea yuko kijiweni anakunywa chai?"

Kinyozi alijifunika uso na taulo.

"Ndiyo, mama."

"Hilo la kwamba shida ni wewe, nimemwambia binti yangu miaka kumi na moja. Hataki kunisikia. Ngoja nimwite, alisikie kwa mdomo wako mwenyewe."

Mzee Mita aliangua kicheko, akaligonga benchi kwa fimbo. Mama Chai alimziba mdomo. Zikasikika kandambili zikija, kisha sauti ya mke wa Geti. "Baba watoto? Mama anasema una ushuhuda."

Akarudia. Boliti, karatasi, spana, yote. Safari hii hakuruka mstari.

Mkewe hakucheka. "Umesikia, mama?" alisema, sauti ikiwa imegeukia upande mwingine. "Mimi hiki ndicho nilichokuwa nakwambia miaka yote. Anakosea. Lakini huyu akikosea, anasema."

Geti alijifanya ana kitu jichoni, cheche labda, ingawa tangu saa sita mchana alikuwa hajawasha mashine ya kuchomelea.

Simu ikarudi kwa mama mkwe. Alikohoa kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka hasira aliyokuja nayo.

"Haya. Dereva namrudisha. Mashine inabaki, vidole vya mwanangu vipumzike. Lakini wewe ondoka hapo sasa hivi, na upitie sokoni kwanza uniletee kitu cha kula." Kicheko kilikuwa kimeshaanza kumponyoka puani. "Wewe umefunga boliti, mimi nimefunga kula. Njoo utufungue wote."