Chachu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 25 Novemba
Jana shemeji Torvald alikuja na siki na magadi, akamtengenezea binti yangu volkano ya povu juu ya meza yangu mwenyewe. Maren akapiga makofi, akasema Mjomba ana akili kuliko Baba. Kuliko Baba! Kesho nitamwonyesha puto linalojaa bila kupulizwa. Ni chachu na sukari tu.

Jumanne, 26 Novemba
Fairbanks nzima, hapa Alaska, hakuna chachu madukani. Watu wamebeba yote kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani. Lakini kwenye friji mna chupa ya mama mkwe! Chachu hai ya unga aliyorithi kwa bibi yake, ambaye majira ya baridi alilala nayo chini ya blanketi isigande. Tunamtunzia mpaka arudi kesho kutoka Anchorage. Nikachota kijiko kimoja tu. Puto halikuinuka. Nikamimina yote, nikaongeza maji ya birika. Ya moto!

Imekufa. Mungu wangu, nimeua chachu ya ukoo.

Jumatano, 27 Novemba
Nimejaza chupa unga, maji na siki, ipate harufu ya uchachu. Maren nimempa peremende anyamaze. Mama kafika, kainusa, kanipigapiga begani: mkwe wangu, umeitunza. Nilitaka kulia. Kila akisogelea friji namtangulia kuifungua. Kesho anapika chapati za maji.

Alhamisi, 28 Novemba
Nilisahau! Chapati zake huzitia magadi. Kijiko kimoja tu, bakuli likafura, povu likamlowesha soksi. Maren akaruka: Volkano! Baba naye anajua!

Mama akaniuliza polepole chachu ya bibi yake iko wapi. Nikakaa sakafuni, nikasema yote. Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Ndipo Torvald, huyo huyo Torvald, aliyekuja kula sikukuu nasi, akasema aligawiwa kidogo zamani, anayo nyumbani. Akaenda kuichukua.

Ijumaa, 29 Novemba
Mama kaigawa upya, chupa moja kairudisha kwenye friji yetu. Eti ukoo hauweki chachu nyumba moja. Akanikodolea macho: ole wako uiguse. Nikaapa.

Jioni Maren kauliza, chachu ikiganda kwa baridi huko nje, itapasua chupa? Kamuuliza na Mjomba. Hajui. Torvald hajui!

Nitachota kijiko kimoja tu.