Giaboksi Juu ya Chanja

Jumatatu, 14 Julai

Pikapu imeanza ujinga. Leo kwenye kilima cha kanisa gia ya pili imeruka mara tatu, halafu chini ya gari kukasikika mlio kama wa mtu anayetafuna kokoto. Zabron, mwanangu wa mwisho, ndiye dereva wangu. Akasema, mama, giaboksi inakufa. Nikamwambia afunge mdomo, watu wanasikia. Wamesikia. Jirani yangu Ferista alikuwa kando ya barabara na lile guta lake la mizigo la miguu mitatu. Akauliza kwa sauti tamu kama tumepakia mawe ya kusagia.

Mwanamke yule!

Ijumaa ni zamu ya kikundi chetu cha kahawa kule kwenye mtambo wa kumenyea. Kahawa mbivu ikichumwa isipomenywa siku ileile inachacha, na kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Mimi nilijigamba mbele ya akina mama wote kwamba mizigo ya msimu huu ni ya pikapu yangu. Nikishindwa Ijumaa, kazi inakwenda kwa Ferista. Afadhali nibebe magunia kichwani.

Jumanne, 15 Julai

Zabron anasema tumwite Lusubilo, fundi wa kule Mpemba, karibu na Tunduma, mume wa binti yangu Atuganile. Eti huyo anafungua giaboksi huku amefumba macho. Sawa. Lakini ni mkwe wangu. Mimi na mkwe hatutazamani wala hatukai ua mmoja. Nimelelewa hivyo, na sitaanza utovu wa adabu nikiwa na miaka sabini na moja. Sasa fundi ambaye siwezi kumsimamia, nitamgombezaje? Fundi asiyegombezwa anaharibu.

Nimewaza mchana kutwa. Kwa upande mmoja, sijawahi kufungua giaboksi. Kwa upande mwingine, miaka thelathini nimefungua na kufunga mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, na ndani yake kuna meno vilevile.

Nimeamua. Naifungua mwenyewe.

Zabron akashika kichwa. Nikamwambia ashike spana.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Saa nne asubuhi giaboksi ilikuwa chini. Tuliishusha kwa kamba juu ya magunia ya pumba. Zabron alitaka kupiga picha kila hatua kwa simu. Nikamkataza, hapa si harusini.

Ndani kulikuwa na mafuta meusi kama uji ulioungua. Kila kipande nimekiosha, nikakianika juu ya chanja ya kahawa, kisha nikachambua. Nani kata yetu nzima ya Ruanda anachambua kunizidi? Vikubwa huku, vya kati hapa, vidogo kule. Vilivyolika meno nikavitupa kwenye shimo la mboji pamoja na buni mbovu. Jua likawaka, vyuma vikang'aa. Nikaita majirani waje waone. Ferista akaja, akatazama muda mrefu. Akasema, dada, hiyo ni gredi ya kwanza kabisa, utaiuza wapi?

Mchana tukaanza kurudisha. Zabron akauliza kipi kinaanza. Nikamwambia kikubwa. Kikagoma. Basi kidogo. Kikagoma. Saa kumi jioni ndipo nilipong'amua: kahawa ukishaichambua, hakuna anayekuomba uirudishe mtini ilivyokuwa.

Nikakaa chini. Bibi kizee mwenye chanja nne za vyuma na hana gari.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemeza kiburi. Kichungu kuliko mwarobaini. Nikampigia Atuganile, nikamwambia pikapu ina homa kidogo. Akauliza, mama, umeifungua? Nikasema imefunguka yenyewe.

Wamekuja kwa pikipiki na mfuko wa vipuri. Lusubilo akasimama nyuma ya migomba, akatuma salamu kwa mkewe. Adabu anayo, nakiri. Nikazirudisha kupitia huyohuyo. Kisha nikaambiwa kwa heshima zote kwamba fundi hawezi kufanya kazi mama akiwa uani. Nitoke. Ua wangu mwenyewe! Nyumba iliyo karibu ni ya nani? Ya Ferista.

Nimeshinda kwa Ferista kutwa nzima. Amenipa chai, maharage na mkeka. Amenipa na maoni. Mara tatu nilipaza sauti juu ya ua, Atuganile amwambie mumewe aanze na kikubwa. Mara tatu jibu likaja: mama apumzike. Jioni likaja swali: kipande kimoja cha gia ya rivasi hakionekani, mama amekiona? Nikasema sijui. Ferista akasema, si ulivitupa vingine kwenye mboji?

Zabron amefukua shimo lote. Vilivyolika amevipata. Mahali pa cha rivasi amepata buni.

Ijumaa, 18 Julai

Gari linakwenda! Mbele tu. Rivasi hamna.

Magunia ishirini na sita, akina mama juu yake, Ferista miongoni mwao. Kilima cha kanisa tulikipanda kama si sisi. Nilikaa mbele, kidevu juu. Tukafika mtamboni. Kumbe pale gari lazima lirudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa la kushushia! Foleni nyuma yetu, honi. Zabron akanitazama. Nikatazama mawingu.

Akina mama kumi na wawili walishuka wakasukuma, Ferista akihesabu moja, mbili, tatu kama anaongoza kwaya. Kahawa ikashuka, haijachacha. Mwenyekiti wetu, Mama Imelda, akatamka kwamba kazi inabaki kwangu. Bwana asifiwe! Kwa sharti moja. Ferista awe msimamizi wa safari, na msimamizi anakaa mbele.

Nimerudi nyumbani nyuma, juu ya magunia matupu, nikila vumbi la gari langu mwenyewe.

Jumapili, 20 Julai

Lusubilo amepata kipande cha rivasi kule Tunduma. Atakuja kukifunga Jumanne. Ametuma neno kupitia Atuganile, na Atuganile amelirudia mara mbili, polepole, kama naumwa masikio: mama asiguse giaboksi tena.

Nimekubali. Kosa ni langu, kichwa kigumu na mikono isiyotulia. Nimeahidi mbele ya Mungu na ya Zabron, na giaboksi sitaigusa hata kwa kuifuta vumbi.

Lakini juzi kwenye mteremko nilisikia breki ikilia. Breki si giaboksi. Zabron yuko kanisani, mimi nimebaki kwa sababu ya goti. Nimefungua gurudumu moja tu. Vipande vyenyewe ni vichache mno, havifiki ishirini.

Safari hii nimevipanga kwa uzito.